Watatu Waliobaki: Jinsi Huntsville Ilivyopoteza Timu ya Hoki Bila Kushuka Daraja

Tarehe 28 Juni 2019, vyuo vikuu saba vya Marekani vilitangaza kwa pamoja kwamba vinajitoa kwenye ligi yao ya hoki ya barafu ya wanaume, WCHA, mara tu msimu wa 2020–21 utakapomalizika. Vyuo vyenyewe ni Bemidji State, Bowling Green, Ferris State, Lake Superior State, Michigan Tech, Minnesota State na Northern Michigan. Ligi ilikuwa na timu kumi. Aliyejua kutoa saba kwenye kumi hakuhitaji kuelezwa zaidi: wanabaki Alaska Anchorage, Alaska Fairbanks na Alabama-Huntsville, wawili kwenye theluji ya kaskazini kabisa na mmoja kwenye joto la kusini.

Hata miaka miwili haikutimia. Tarehe 5 Mei 2021 Chuo Kikuu cha Alabama cha Huntsville kilisimamisha timu yake ya hoki, timu iliyokuwa imedumu zaidi ya miaka 40 na kutwaa ubingwa wa taifa wa daraja lake mara mbili. Sababu iliyotolewa ilikuwa moja: timu haina ligi ya kuchezea.

Nimekifuatilia kisa hiki kwa muda mrefu kwa sababu kinanisumbua. Sisi tuliokulia kwenye soka tunajua timu inavyokufa. Inafungwa, inaburuza mkia, inashuka daraja, wafadhili wanakimbia, wachezaji wanadai mishahara, na mwisho jina linabaki kwenye midomo ya wazee. Huntsville haikushuka daraja, maana hakukuwa na daraja la kushukia. Majirani zake walihama mtaa, wakaondoka na mlango.

Tuweke msamiati sawa kwanza. Makundi ambayo vyuo vya Marekani hujipanga ili kucheza, wao huyaita konferensi. Mimi nitayaita ligi, lakini msomaji asiifikirie ligi kama yetu yenye kupanda na kushuka. Ni ushirika wa hiari. Wanachama hupiga kura kumwingiza mgeni, na yeyote anaweza kuondoka akitoa taarifa. Juu yao kuna NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, chenye madaraja matatu. Daraja la chuo hutegemea ukubwa wa idara yake nzima ya michezo, si matokeo ya timu moja. Na hoki ina mambo yake. Mchezo huu unataka barafu, mashine za kuigandisha, vifaa vya bei mbaya na safari ndefu, kwa hiyo wanaoucheza kwenye ngazi ya juu ni vyuo takribani 60 tu katika nchi nzima, wakati soka yao ya Kimarekani ina timu zaidi ya 130 kwenye ngazi ya juu peke yake. Ndani ya hao 60 wamo vyuo vidogo ambavyo michezo yao mingine yote iko Daraja la Pili, lakini hoki wanacheza na vigogo. Huntsville ilikuwa mmojawapo.

Mtu atauliza hoki imefikaje Alabama. Ni swali la haki. Hata Nairobi watu waliuliza hivyohivyo pale kiwanja kidogo cha barafu kilipofunguliwa kwenye hoteli ya Panari na vijana wakaanza kubeba magongo. Huntsville ni mji wa roketi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilimhamishia huko mhandisi Mjerumani Wernher von Braun na wenzake, na hapo ndipo roketi iliyowapeleka watu mwezini ilipobuniwa. Wahandisi walimiminika kutoka kila pembe ya nchi, wengine kutoka majimbo ya kaskazini ambako mtoto hujifunza kuteleza kwenye barafu kabla hajajua kuendesha baiskeli. Walikuja na mchezo wao. Mwaka 1979 wanafunzi wakaanzisha timu kama klabu tu, na ukumbi mkubwa wa mji uliopewa jina la von Braun ukawa uwanja wao. Gavana wa jimbo akafikia kuutangaza mji huo kuwa makao makuu ya hoki ya kusini.

Timu ile, Chargers, ilitwaa ubingwa wa Daraja la Pili mwaka 1996 na tena 1998. Halafu NCAA ikayafuta mashindano ya hoki ya daraja hilo; ya mwisho yalichezwa 1999. Aliyetaka kuendelea kushindana ilibidi apande juu au arudi kuwa klabu ya wanafunzi. Huntsville ikapanda, ikajiunga na ligi changa iliyoitwa College Hockey America. Ninapoangalia nyuma, naona ukuta wa chini uliondolewa siku ile, na hakuna aliyelia kwa sababu wakati huo timu ilikuwa inapanda.

Sasa niseme ligi inampa mwanachama nini, kwa sababu hapo ndipo kisa kizima kilipo.

Cha kwanza ni tiketi. Mashindano ya taifa huchukua timu 16. Bingwa wa kila ligi inayotambuliwa anaingia moja kwa moja, nafasi zinazobaki wanapewa wenye hesabu bora za msimu mzima. Ili ligi ipate tiketi hiyo inatakiwa iwe na timu zisizopungua sita. Mwaka 2010 Huntsville ilimaliza msimu ikiwa imefungwa mechi nyingi kuliko ilizoshinda. Lakini ilitwaa ubingwa wa ligi yake ndogo, ikaingia kwenye 16 bora, ikapangiwa Miami ya Ohio, timu iliyopewa nafasi ya kwanza katika mashindano yote. Ilifungwa 2–1. Golini alikuwa kijana wa Kikanada, Cam Talbot, ambaye miaka michache baadaye alikuwa anadaka kwenye NHL, ligi kuu ya kulipwa. Miaka mitatu kabla ya hapo, 2007, timu hiyohiyo iliwapeleka Notre Dame mpaka muda wa nyongeza wa pili kabla ya kufungwa 3–2. Bila tiketi ya bingwa wa ligi, usiku ule wa 2010 usingekuwapo, na huenda wakaguzi wa vipaji wengi wasingemtazama Talbot akizuia paki, kile kisahani kinachopigwa kwa magongo, siku ambayo kila mtu alikuwa anatazama.

Cha pili ni ratiba, na hiki watu wa nje hawakioni. Hoki ya vyuo huchezwa Ijumaa na Jumamosi, timu zilezile mbili, mji uleule. Msimu unaanza Oktoba, unaisha Machi, na kila timu ina kikomo cha mechi 34. Mfikirie kocha asiye na ligi, amekaa mezani mwezi wa nne na kalenda tupu mbele yake. Oktoba na Novemba anajaza kwa urahisi. Vigogo wana nafasi, na kumwalika mnyonge nyumbani kwao ni ushindi wa rahisi na mapato ya mlangoni. Anapofika Januari, simu zinaanza kujibiwa kwa upole: tungependa, lakini tuko kwenye mechi za ligi. Februari, jibu ni hilohilo. Wenzake wanaelekea kwenye michezo ya maana kuliko yote ya mwaka, yeye ana wikendi tatu nyeupe. Wakimpa nafasi, ni kwao, si kwake. Basi wachezaji wake wanalala kwenye basi na kufanya mitihani hotelini, na mashabiki wa nyumbani wanakaa wiki nyingi hawajaiona timu yao.

Cha tatu ni neno la kumwambia kijana. Wachezaji hawa hutafutwa wakiwa na miaka 17 au 18 kwenye ligi za vijana za Kanada na za kaskazini mwa Marekani. Kocha wa Bemidji anasema: njoo, utacheza na Michigan Tech, utagombea kombe letu, ukilitwaa unaingia 16 bora. Kocha asiye na ligi anasema: njoo, tutacheza na yeyote atakayekubali.

Yote haya Huntsville iliyaonja kabla ya 2019. Ligi yake ndogo ilikuwa ikimomonyoka tangu mapema: Findlay iliacha hoki 2004, Air Force ikahama 2006, Wayne State ikafunga timu 2008. Waliobaki wanne hawakutosha kupata tiketi kwa muda mrefu. Mwaka 2009 Huntsville ikaomba kuingia ligi ya CCHA, ikakataliwa. Msimu wa 2010 ulipokwisha, Bemidji State ilikwenda WCHA, Niagara na Robert Morris wakaenda Atlantic Hockey, na Huntsville ikabaki peke yake na kombe la ligi iliyokufa mikononi. Wale vijana waliowatoa jasho Miami hawakuwa na pa kwenda. Misimu mitatu iliyofuata waliicheza bila ligi, na ushindi wao wote katika misimu hiyo haukufika 10. Oktoba 2011 uongozi wa chuo ukatangaza kuishusha timu kuwa klabu. Mashabiki wakapiga kelele, chuo kikapata rais mpya, na Desemba mwaka huohuo uamuzi ukabatilishwa. Kumbuka tukio hili, nitalirudia.

Zawadi ya Pennsylvania

Kilichowaokoa Huntsville, na kilichokuja kuwazika, kilianzia mahali ambapo hakuna aliyekuwa anaifikiria Alabama.

Mwaka 2010 tajiri wa gesi Terry Pegula aliiuzia Shell kampuni yake kwa dola bilioni 4.7. Alikuwa amesoma Penn State, anaipenda hoki, na Septemba mwaka huo akakipa chuo chake dola milioni 88 kijenge uwanja wa barafu na kuanzisha timu za kweli za wanaume na wanawake. Baadaye mchango ukavuka milioni 100. Sina neno baya na mchango huo. Vijana wengi wamesoma na kucheza kwa sababu yake.

Lakini Penn State ni mwanachama wa Big Ten, moja ya ligi tajiri kupita zote katika michezo ya vyuo, yenye hata televisheni yake. Mpaka hapo vyuo vya Big Ten vyenye hoki vilikuwa vitano, navyo vilikuwa vimetawanyika: Michigan, Michigan State na Ohio State walicheza CCHA, Minnesota na Wisconsin walikuwa WCHA. Watano hawafiki sita. Penn State alikuwa wa sita. Machi 2011 Big Ten ikatangaza ligi yake ya hoki, ianze msimu wa 2013–14.

Yaliyofuata yalikwenda kasi. Wakubwa waliobaki WCHA na CCHA waliona kwamba bila Minnesota, Wisconsin na Michigan hawatapata watazamaji wala televisheni. Julai 2011 sita kati yao, wakiwamo North Dakota, Denver na Minnesota Duluth, wakatangaza ligi mpya, NCHC, ambayo St. Cloud State na Western Michigan walijiunga nayo baadaye. Notre Dame ikakimbilia Hockey East. CCHA, iliyoanza 1971, ikafungwa baada ya msimu wa 2012–13. WCHA, ambayo mwaka 2005 timu zote nne za nusu fainali ya taifa zilitoka kwake, ikabaki na mabaki ya pande mbili: wasiochukuliwa na Big Ten, wasioalikwa NCHC.

Ni katika kukusanya mabaki hayo ndipo Januari 2013 Huntsville ilikubaliwa kuwa mwanachama wa kumi. Mji ulisherehekea, na ulikuwa na haki. Baada ya miaka mitatu ya kuombaomba mechi, sasa kuna ratiba, kuna kombe, kuna tiketi.

Ila tazama ramani. Kutoka Huntsville hadi Fairbanks ni zaidi ya kilomita 5,000 kwa ndege iliyonyooka, mbali kuliko Dar es Salaam hadi Cairo. Hiyo ni mechi ya ligi, wikendi ya kawaida, ya vijana wenye darasa Jumatatu asubuhi. Na wanachama wote kumi, ukimtoa Bowling Green, walikuwa vyuo vya Daraja la Pili kwenye michezo mingine, yaani vyuo visivyo na fedha za televisheni za kulipia nauli hizo. Zamani Minnesota au Wisconsin akija kwenye uwanja wa chuo kidogo, tiketi zinaisha na mapato yanasaidia mwaka mzima. Hao sasa walikuwa kwao, wanachezeana wenyewe. Wadogo walibaki kulipia safari za wakubwa bila mapato ya wakubwa.

Ndiyo maana siwezi kuwatukana wale saba. Sababu waliyoitoa 2019, ligi iliyo karibu kijiografia na uzoefu bora kwa wanafunzi wao, ilikuwa ya kweli. Wote saba wako Michigan, Minnesota na Ohio. Wangeweza kusafiri kwa basi. Rais wa chuo cha mji wa Marquette au Sault Ste. Marie, kule Michigan, akiulizwa na wazazi kwa nini mtoto wao amekosa darasa siku tatu kwa ajili ya Anchorage, ana wajibu wa kujibu. Walitoa pia taarifa ya misimu miwili kabla, jambo ambalo katika michezo ya vyuo Marekani si wengi wanaolifanya siku hizi. Februari 2020 wakalifufua jina la CCHA, na Julai wakamkaribisha St. Thomas ya Minnesota, chuo ambacho mwaka mmoja kabla kilifukuzwa na ligi yake ya Daraja la Tatu baada ya malalamiko kwamba kinawashinda wenzake kupita kiasi.

Uamuzi wa nyumbani

Wengi wanaosimulia kisa cha Huntsville huishia hapo: wakubwa walihama, mdogo akafa. Mimi siamini hivyo, na hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize.

Huntsville ilikuwa na miezi 22 kati ya tamko la Juni 2019 na Mei 2021. Muda huo mtu anayetafuta nyumba mpya huenda kwa kila mwenye nyumba akiwa amevaa vizuri, kodi ya miezi sita mkononi. Chuo kilifanya kinyume. Tarehe 22 Mei 2020, korona ikiwa imezibana bajeti, kilitangaza kufuta hoki pamoja na tenisi ya wanaume na wanawake. Ilikuwa mara ya pili katika miaka tisa.

Wiki iliyofuata naikumbuka vizuri, maana nilikuwa naifuatilia kila jioni. Chuo kilisema kama fedha zitapatikana kwa haraka, timu itacheza msimu mmoja zaidi. Mashabiki wakafungua mchango mtandaoni. Uliingia dola ishirini, dola hamsini, kutoka kwa watu waliosema walipelekwa Von Braun Center na baba zao wakiwa wadogo. Wachezaji wa zamani wakaweka fungu kubwa. Ndani ya siku chache mashabiki pekee walikuwa wamevuka nusu milioni, na kabla ya mwezi Mei kwisha timu ikarudishwa. Mji wa kusini, katikati ya janga, watu wanapoteza kazi, ulichangia hoki. Yeyote anayesema Alabama hawaujali mchezo huu hakuiona wiki ile.

Lakini fedha zile zilinunua msimu mmoja tu, na sharti la kuendelea likawa ni kupata ligi. Sharti hilo ndilo lililoiua timu. Ligi gani ingemfungulia mlango mwanachama ambaye uongozi wake umekwisha kutangaza mazishi yake mara mbili? Mimi kama ningekuwa kwenye kikao cha CCHA mpya, ningeuliza swali moja: mwaka wa tatu wakibanwa tena, tutapangua ratiba upya? Chuo kilitaka ligi ije kuthibitisha kwamba timu inastahili kuishi. Ligi ilihitaji kwanza kuthibitishiwa kwamba timu itaishi. Kocha aliyekuwapo aliondoka, timu ikakabidhiwa kocha wa muda, na vijana wakacheza msimu wa mwisho, wakashinda mechi 3, wakijua kwamba matokeo yao hayana uzito kwenye uamuzi. Mei 2021 wale waliobakiza miaka ya kucheza wakaanza kutafuta vyuo vingine.

Iweke Anchorage kando ya kisa hiki, kwa sababu ilianzia mahali pabaya kuliko Huntsville. Jimbo la Alaska lilikuwa limekata makumi ya mamilioni ya dola kwenye bajeti ya chuo kikuu chake tangu 2019. Timu ya hoki ilikuwa imeuacha uwanja mkubwa wa mjini na kuhamia kiwanja cha chuoni cha watu kama 800. Agosti 2020 uongozi ukatangaza kuifuta hoki, sarakasi za viungo na mchezo wa kuteremka mlima kwa skii. Bodi ikaafiki Septemba, ila ikaweka mlango: leteni dola milioni 3, gharama za miaka miwili, timu irudi.

Sharti hili halikutaja ligi. Lilitaja fedha, na fedha ni kitu ambacho watu wa Anchorage wangeweza kukitafuta wenyewe bila kusubiri kura ya mtu aliye Michigan. Ilichukua muda mrefu kuliko ilivyopangwa, tarehe ikasogezwa, timu ikakaa nje misimu miwili. Tarehe 31 Agosti 2021 chuo kikatangaza kwamba lengo limefikiwa. Kikamwajiri Matt Shasby, mchezaji wake wa zamani, na Oktoba 2022 timu ikarudi barafuni bila ligi. Fairbanks nao walikaa nje msimu wa 2020–21, kisha wakarudi vilevile, bila ligi.

Haki lazima niseme kwamba Alaska wana karata moja ambayo Alabama hawana. Kanuni za NCAA zinaruhusu mechi zinazochezwa Alaska zisihesabiwe kwenye kile kikomo cha mechi 34. Kwa hiyo chuo cha Minnesota au New York kikienda Anchorage wikendi moja, kimepata mechi mbili za nyongeza. Yule kocha mwenye kalenda tupu ana kitu cha kuuza kwenye simu. Huntsville ingelazimika kuuza kwa kulipa nauli, au kwa kukubali kucheza ugenini miezi mitatu. Pia Huntsville ina timu ya kulipwa, Havoc, inayocheza ukumbi uleule wa Von Braun, kwa hiyo mpenzi wa hoki hakubaki yatima kabisa. Anchorage ilikuwa imeipoteza timu yake ya kulipwa mwaka 2017, na chuo ndicho kilichobaki.

Wala kuishi bila ligi si raha. Msimu wa 2022–23 Fairbanks walishinda mechi 22. Kwenye ligi yoyote huo ni msimu wa kusimuliwa. Hesabu za mwisho ziliwaacha nje ya 16 bora kwa nafasi finyu sana, na kwa kuwa hawakuwa na kombe la ligi la kugombea Machi, hawakuwa na njia ya pili. Huntsville ya 2010, iliyofungwa zaidi ya ilivyoshinda, iliingia. Fairbanks ya 2023, iliyoshinda mara mbili ya ilivyofungwa, ilikaa nyumbani. Tofauti yao ni tiketi ile ya bingwa wa ligi.

Kwa hiyo ninapoulizwa vyuo vikubwa kuhamahama kunaathiri vipi timu ndogo za hoki, jibu langu lina sehemu mbili zisizo na uzito sawa. Kuhama kwa wakubwa huondoa vitu ambavyo mdogo hawezi kujitengenezea: tiketi, ratiba ya Februari, neno la kumwambia kijana wa miaka 17. Hasara hiyo ni kubwa na hakuna chombo kinachomlinda mtu nayo, kwa sababu kila ligi huamua kwa kura ya wanachama wake na haidaiwi chochote na aliye nje. Lakini kati ya watatu walioachwa siku moja kwa sababu ileile, wawili wanacheza na mmoja hachezi, na aliyepotea ndiye ambaye chuo chake kiliukabidhi uhai wa timu kwa kura ya watu wengine.

Neno alilotumia rais wa chuo Mei 2021 halikuwa kufuta. Lilikuwa kusimamisha, mpaka ligi ipatikane. CCHA mpya iliongeza mwanachama mwingine, Augustana wa South Dakota, aliyeanza timu kutoka sifuri kabisa na kujenga uwanja wake. Halafu St. Thomas akatangaza kwamba kuanzia 2026 anahamia NCHC. Wakubwa wanavutana tena, na kwenye ligi iliyowaacha Huntsville kiti kimoja kinakuwa wazi. Mwombaji wa kiti hicho ataulizwa ana timu au hana, na Huntsville wamesema hawatakuwa na timu mpaka wapewe kiti.